Anayesoma ni Mmoja, Wanaohama ni Wawili: Mwongozo kwa Anayemfuata Mwenzi Ujerumani

Barua ya chuo ikifika kutoka Ujerumani, soko zima la Daraja Mbili mjini Kisii hupata habari kabla ya kufungwa. Harambee huitishwa, nauli huhesabiwa, na aliyepata nafasi ya kusoma hubebeshwa matumaini ya ukoo mzima. Mke au mume wake huambiwa neno moja tu: "Utafuata." Kufuata huko huweza kuchukua mwaka, miaka miwili, au kusitokee kabisa, kwa sababu stakabadhi zilizohitajika zilipaswa kutafutwa wakati uleule mwenzake alipokuwa akijaza fomu za chuo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefuata, uwe unauza ndizi na mboga sokoni, unafundisha Nyamira, au unafanya kazi ya uuguzi mjini Kisii. Sehemu kubwa ya safari hii huamuliwa kwa msajili wa ndoa, kwa chifu na kwenye darasa la lugha, kabla hujafika Riverside Drive, Nairobi, ulipo ubalozi wa Ujerumani.

Cheti cha ndoa kitangulie kibali

Sheria ya ukaazi ya Ujerumani ina sharti ambalo wanandoa wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mwenzi wa mwanafunzi ana haki ya kumfuata ikiwa ndoa ilikuwepo tayari wakati mwanafunzi alipopewa kibali chake cha ukaazi, na ikiwa mwanafunzi huyo anatarajiwa kukaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Mkioana baada ya kibali kutoka, mlango haufungwi kabisa, ila jambo linakuwa hiari ya ofisi. Pia nyote wawili lazima muwe mmetimiza miaka 18.

Hapa ndipo ndoa nyingi za kwetu hukwama. Ndoa ya njoo tuishi, hata iwe na watoto wanne, haina uzito mbele ya ofisa wa viza. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili nayo haisimami badala ya cheti. Wengine mahari yamelipwa, ng'ombe wamevuka kutoka boma moja kwenda jingine, wazee wameshuhudia, lakini hakuna aliyekwenda kwa msajili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imewafungulia njia hao. Inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kiserikali. Inasema pia kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo ya mahari ikishatolewa inatosha kuthibitisha ndoa. Kwa hiyo usingoje ng'ombe wa mwisho afike ndipo uandikishe. Msajili anapaswa kujulishwa ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na usajili wa ndoa za kimila umekuwa ukifanyika tangu Agosti 2017. Maombi huanzia kwenye eCitizen. Jiandae na barua ya chifu, vitambulisho, na mashahidi wa pande zote mbili wanaoijua sherehe yenyewe.

Kama hamjafanya sherehe yoyote na muda unayoyoma, ndoa ya kiserikali ndiyo nyepesi: mnatoa ilani, zinapita siku 21, mnafungishwa ndoa na kupewa cheti. Wazazi wakinung'unika kwamba enyangi, sherehe ya ndoa ya Kigusii, haijafanywa, waelezeni kwamba sherehe yaweza kuja baadaye, lakini tarehe ya cheti haiwezi kurudishwa nyuma.

Na mwenye wake wawili ajue mapema: Ujerumani haimpi mke wa pili kibali cha kuungana na mume ambaye tayari anaishi huko na mke mwingine.

Jina moja, tahajia moja

Kitambulisho kinasema Jane Kwamboka. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kwamboka Jane, kisha jina la baba. Cheti cha shule kimeandika Kwambuka. Nyumbani hakuna anayejali, kwa maana wote wanajua ni wewe. Mbele ya ofisa wa kigeni, hao ni watu watatu.

Zitandaze hati zako zote mezani na uzilinganishe herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Palipo na kosa, lirekebishe kwenye hati ya msingi, yaani cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, ndipo uombe pasipoti. Ukiomba pasipoti kwanza, utalazimika kuiomba tena.

Kazi hii ina sababu. Ujerumani haiipokei hati ya Kenya kwa kuangalia muhuri peke yake. Ubalozi unaweza kuagiza ichunguzwe: mtu wake huenda hadi ofisi iliyotoa cheti, hutazama daftari, na huweza kuwauliza jamaa na majirani. Uchunguzi huo huchukua miezi, na gharama yake hulipwa na mwombaji. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa ukiwa na miaka 30 huamsha maswali zaidi kuliko kilichotolewa ukiwa mtoto. Kama chako ni cha kuchelewa, tafuta vya kukiunga mkono: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha mtihani wa darasa la nane. Na yeyote atakayekuahidi kukutengenezea cheti haraka, mkimbie. Hati moja ya kughushi huiua safari nzima, pamoja na ile ya mwenzako.

Kijerumani cha kuanzia

Kwa kawaida mwenzi anatakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya kupewa viza. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano mwenye shahada ya chuo kikuu ambaye ofisi inaona atapata kazi na kuzoea bila shida. Lakini msamaha huo huamuliwa na ofisi. Ukiutegemea na ukaukosa, umepoteza miezi. Soma tu.

A1 ni lugha ya kujitambulisha, kuuliza bei, kutaja saa na kujaza fomu fupi. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Tatu za kwanza huchukua kama dakika 65, na kuzungumza hufanywa katika kikundi kwa kama dakika 15. Anayepata alama 60 kati ya 100 amepita. Goethe-Institut ya Nairobi hutoa mtihani huu, na unaweza kuufanya hata kama hukusomea kwao.

Mtu mwenye kibanda na watoto hawezi kuhamia Nairobi kwa miezi kadhaa, na hana haja. Deutsche Welle, wale wale wa matangazo ya DW Kiswahili, wana kozi ya bure ya video iitwayo Nicos Weg, ambayo huanzia mwanzo kabisa. Tafuta wenzako wawili au watatu wa kuzungumza nao, maana kinachowaangusha wengi ni kuzungumza na kusikiliza, si kusoma. Ukilipia darasa mjini, muulize mwalimu swali moja: wanafunzi wako waliofanya mtihani wa A1 mwaka jana walipita wangapi? Darasa zuri lina jibu. Na usiingie mtihanini kwa sababu tarehe imepatikana. Ingia ukiwa tayari, kwa kuwa ada ya kurudia ni yako.

Hesabu ya watu wawili

Fedha za mwanafunzi mmoja zinajulikana. Tangu Septemba 2024, akaunti yake iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, hutakiwa kuwa na yuro 11,904 za mwaka mmoja, naye hupewa yuro 992 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na ni zake peke yake. Familia nyingi huchangisha kiasi hicho, hushusha pumzi, kisha hugundua kwamba wa kufuata hakuhesabiwa.

Kiasi cha kukutunza wewe huangaliwa na Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni ya mji anakoishi mwenzako. Hutazama kodi ya nyumba, bima na mapato yenu. Mwenzako aandike barua pepe kwa ofisi hiyo na kuuliza kiasi wanachotaka kuona, kisha ahifadhi jibu. Uthibitisho huweza kutoka kwenye akaunti iliyofungwa kwa jina lako, mshahara wa kazi anayoifanya akisoma, au ufadhili wa masomo. Shirika la DAAD, lenye ofisi Nairobi, huwapa baadhi ya wafadhiliwa wake nyongeza ya familia. Mwenzako asome masharti ya ufadhili wake mpaka ukurasa wa mwisho.

Njia nyingine ni jamaa anayeishi Ujerumani kukudhamini kwa hati ya Verpflichtungserklärung. Usimwombe mtu hati hii kirahisi kama unavyoomba barua ya utambulisho. Anayeisaini anawajibika kisheria kwa miaka mitano kulipa gharama za serikali ikibidi utunzwe nayo.

Angalieni pia karo kabla ya kuchagua chuo. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Kwa watu wawili wanaoishi kwa fedha za mmoja, yuro 3,000 kwa mwaka ni miezi kadhaa ya kodi.

Kuhusu bima ya afya, umri wa mwanafunzi una maana kubwa. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, na mwenzi pamoja na watoto hukaa chini ya bima hiyo bila malipo ya ziada, mradi mapato ya mwenzi ni madogo. Aliyevuka miaka 30 mara nyingi hujikuta kwenye bima ya binafsi, na huko kila kichwa hulipiwa chake. Fanyeni hesabu hiyo kabla, sio mkishafika.

Chumba cha mmoja hakipokei wawili

Chumba cha hosteli kinamtosha mwanafunzi, lakini huenda kikakunyima viza. Ofisi hutaka kuona mkataba wa nyumba inayoitosha familia. Kipimo kinachotumika sana ni meta za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka sita, na 10 kwa mtoto mdogo zaidi. Mashirika ya malazi ya wanafunzi, Studierendenwerk, yana nyumba chache za wanandoa, na foleni yake ni ndefu. Mwenzako aingie kwenye foleni wiki ya kwanza afikapo, asingoje wewe upate tarehe ya ubalozi.

Atakapotafuta nyumba ya kupanga, atofautishe bei mbili: Kaltmiete ni kodi tupu, Warmmiete ni pamoja na maji, joto na huduma. Amana ya nyumba inaweza kufika kodi tupu ya miezi mitatu. Miji midogo ya vyuo ni nafuu kuliko München au Frankfurt. Na asitume fedha kwa mwenye nyumba ambaye hajamwona wala hajaiona nyumba. Matapeli wa nyumba hawako Nairobi pekee.

Siku ya ubalozi

Mnaweza kuomba viza pamoja mara moja, au wewe ukaomba baadaye. Kuomba pamoja kuna faida endapo fedha na nyumba vipo tayari, lakini mara nyingi havipo, na maombi dhaifu ya mmoja huweza kumchelewesha mwingine. Wengi hufanya vizuri zaidi mwanafunzi akitangulia, cheti cha ndoa kikiwa tayari mkononi na ndoa ikiwa imetajwa kwenye fomu zake. Hilo la mwisho msilisahau. Mwanafunzi aliyejiandika kuwa hajaoa, kisha mwaka unaofuata akamwita mke, amejiletea shaka mwenyewe.

Tangu Januari 2025, maombi ya viza za muda mrefu huanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya serikali ya Ujerumani. Unapakia hati, zinapitiwa, kisha unakwenda Nairobi na hati halisi kutoa alama za vidole. Ada ni yuro 75 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Usisafiri usiku wa kuamkia miadi. Njia ya Bomet, Narok na Mai Mahiu ina siku zake za foleni na ajali, na ubalozi haukungoji. Fika jana yake, ulale.

Beba pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha A1, nakala ya pasipoti na kibali cha mwenzako, uthibitisho kwamba amesajiliwa chuoni, mkataba wa nyumba, uthibitisho wa fedha na wa bima. Unaweza kuulizwa mlikutana vipi, sherehe ilikuwa lini, nani walihudhuria, mwenzako anasoma nini. Jibu ukweli, kwa ufupi. Mwenzako naye anaweza kuulizwa yaleyale upande wa pili, na majibu ya kukariri hayafanani kamwe.

Baada ya hapo faili hutumwa kwa ofisi ya wageni ya mji wake ili itoe kauli. Wiki huwa miezi. Usiuze vitu vya nyumbani wala kununua tikiti kabla pasipoti haijarudi na viza ndani.

Kibanda, chama na mkopo

Mwenye nafasi sokoni asiiachie hewani. Kama ni ya kaunti, ulizia ofisini taratibu za kumwachia mwingine, kisha mwandikiane: nani anauza, nani analipa ada, faida inagawanywaje, na ukirudi itakuwaje. Dada yako unampenda, lakini maandishi ndiyo yatakayolinda mapenzi hayo.

Chama waambie mapema. Ukiwa umeshapokea mzunguko wako, maliza michango au lipa iliyobaki kabla ya kuondoka. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na ukinyamaza ukiwa Ujerumani ni wao watakaokatwa. Kwa ardhi na akaunti, mpe mtu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, ikitaja mambo anayoruhusiwa kufanya na asiyoruhusiwa. Laini yako ya simu isizimwe, maana M-Pesa, benki na eCitizen hutuma namba za siri humo.

Jamaa nao waambieni ukweli kwa pamoja: kwa mwaka wa kwanza hakutakuwa na fedha za kutuma kila mwezi. Ni afadhali wanune sasa kuliko wakuite mchoyo baadaye.

Kuhusu watoto, amueni kabla ya kuomba. Mtoto anahitaji viza yake, cheti chake cha kuzaliwa na nafasi yake kwenye hesabu ya fedha na nyumba. Mtoto wa uhusiano wa awali anahitaji idhini ya mzazi wake mwingine au amri ya mahakama kuhusu malezi. Wakienda, mjue kwamba mtoto aliyefikisha mwaka mmoja ana haki ya nafasi katika Kita, shule ya chekechea, ingawa nafasi zenyewe ni haba. Wa umri wa kama miaka sita lazima aende shule, wala sheria haikubali asomeshwe nyumbani. Wakibaki na nyanya yao, mpangie fedha za karo na matibabu, na si za chakula tu.

Kilo za begi

Koti la baridi linunue Daraja Mbili. Mitumba ile ilitoka huko huko Ulaya, na koti zito la bei ya juu kule hupatikana sokoni kwa bei ya kuelewana. Chagua lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia. Viatu vinunue vipya, vyenye soli isiyoteleza.

Vyakula vina sheria. Nyama na maziwa kutoka Kenya haviingii Umoja wa Ulaya, hata kama ni kidogo cha kuonja. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa hiyo ndizi za Kisii zinaruhusiwa, parachichi haliruhusiwi. Samaki wakavu, omena wakiwemo, wana kikomo cha kilo 20. Unga wa wimbi na mboga ya saga iliyokaushwa vitakufaa zaidi kuliko vyombo vya jikoni.

Hati zote beba kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye begi kubwa. Pakia na nakala zake kwenye barua pepe yako.

Wiki mbili za kwanza

Ukihamia kwenye nyumba, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Utahitaji pasipoti na barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Kutoka kwenye usajili huo hutokea mengine yote: namba ya kodi inayokuja kwa posta, akaunti ya benki, mkataba wa kazi. Andika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyohiyo. Mtarishi wa Ujerumani haulizi jirani, na barua isiyo na jina hurudi ilikotoka.

Kisha omba miadi ya Ausländerbehörde ili viza igeuzwe kibali. Usingoje viza ikaribie kuisha. Ingia kwenye bima ya mwenzako kwa kupeleka cheti cha ndoa, na kwa siku za katikati uwe na bima ya safari. Kila nyumba hulipa pia ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama hamna televisheni. Hulipwa mara moja kwa nyumba nzima.

Namba za kukariri: 112 kwa ambulensi na zimamoto, 110 kwa polisi.

Wewe unaweza kufanya kazi zaidi kuliko yeye

Hili wengi hawalijui. Mwanafunzi amewekewa mpaka: tangu Machi 2024 anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au siku nusu 280. Wewe uliyekuja kwa kibali cha familia huna mpaka huo. Sheria inakuruhusu kufanya kazi yoyote, ya kuajiriwa au ya kujiajiri, kwa saa kamili. Yule aliyeitwa "wa kufuata" ndiye anayeweza kuishikilia nyumba.

Kima cha chini cha mshahara tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa kabla ya makato. Kazi ndogo ya hadi yuro 603 kwa mwezi, iitwayo Minijob, hukuwezesha kubaki kwenye bima ya mwenzako. Ukivuka hapo unapata bima yako mwenyewe, ambayo mwajiri huchangia karibu nusu, pamoja na akiba ya uzeeni. Usiogope kuvuka.

Kazi ya kwanza huenda ikawa usafi, jikoni au ghala. Ifanye, lakini isikumeze. Jioni nenda Volkshochschule, shule ya umma ya watu wazima iliyopo karibu kila mji, uongeze Kijerumani mpaka B1. Kama una taaluma, chukua hati zake kabla ya kuondoka: muuguzi abebe matokeo yake ya chuo, orodha ya masomo na saa zake, usajili wa baraza la wauguzi, na barua za hospitali alizofanyia kazi. Kuzitafuta ukiwa Ujerumani ni kumtuma mtu kila wiki kwenye ofisi isiyomjua. Wauguzi wanatakiwa sana, ila kutambuliwa kwa cheti huhitaji Kijerumani cha B2 na mara nyingi mafunzo ya nyongeza.

Dereva naye ajue kwamba leseni ya Kenya hutumika miezi sita tu baada ya kuhamia. Zaidi ya hapo ni mtihani upya, wa nadharia na wa barabarani, kwa gharama kubwa.

Haki zako ndani ya ndoa

Kibali chako kimefungamana na cha mwenzako. Akiacha masomo, chako kinatikisika. Akihitimu, ana hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na masomo yake, nawe unabaki naye. Kwa hiyo ulizeni maendeleo ya masomo kama mnavyouliza kodi ya nyumba. Mitihani iliyorundikana ni habari ya nyumba nzima.

Ndoa ikivunjika, kwa kawaida haki ya kubaki kwa miguu yako huja baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja huko mkiwa wanandoa. Lakini hakuna sheria inayokutaka uvumilie kipigo mpaka miaka hiyo itimie. Anayedhulumiwa huweza kuhesabiwa kuwa na shida ya pekee na kupewa kibali chake mapema. Simu ya msaada kwa wanawake ni 116 016, ya bure, usiku na mchana, na wana wakalimani. Pasipoti yako ikae kwako, na uwe na akaunti ya benki kwa jina lako.

Anayeahidi njia ya mkato

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Mara moja ulizuka uvumi wa nafasi 250,000 za kazi, na serikali ya Ujerumani ikaukanusha. Mkataba haukutaja idadi yoyote, wala haukuondoa masharti ya viza. Hata hivyo, mawakala walijitokeza wakiuza nafasi hizo.

Wakazi wa Uasin Gishu wanajua gharama ya kuamini kwa haraka. Wazazi walilipa mamilioni ya shilingi katika mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, wengi wao hawakusafiri, na mwaka 2023 jambo likafika mahakamani. Ikiwa mpango wenye jina la serikali uliweza kuwaacha watu hivyo, wakala mwenye chumba kimoja cha kupanga anastahili maswali makali zaidi. Hakuna wakala anayeweza kuharakisha viza ya mwenzi. Fomu ni za bure, ada hulipwa ubalozini, na hati zote ni zako kuzitafuta.

Basi kama mwenzako anatuma maombi ya chuo wiki hii, wewe wiki hiihii fungua eCitizen muandikishe ndoa, linganisha majina kwenye hati zako, na uanze somo la kwanza la Kijerumani. Mkifanya hivyo kwa wakati mmoja, atakayetangulia atakungoja kwa miezi. Mkipeana zamu, mtangojana kwa miaka.